Alama ya Kutoa

Oiva, gari lako limenidanganya tangu Desemba.
Nje theluji inalia chini ya viatu kama wanga mkavu,
ndani kioo cha dashibodi kinaniambia: nyuzi 18.
Kumi na nane! Kana kwamba Uusikaupunki imehama usiku
ikaenda kuota jua.
Alama ya kutoa ndiyo iliyotangulia kufa,
kijistari kile kifupi kuliko ukucha,
halafu nukta moja moja, safu kwa safu,
kama taa za kiwanda zamu ya usiku ikiisha.
"Jaza mafuta" ikawa "J z   m f  ta",
na mwisho hata kigugumizi hicho kikanyamaza.

Fundi wa Rauma alitaka euro mia tatu.
Nikamwambia gari zima halifiki mia tano.
Akacheka: basi mama, mikono si unayo?
Ninayo. Miaka ishirini na sita nimefunga milango
katika kiwanda kilekile kilicholizaa gari hili;
huenda huu wa kushoto, unaokwama, ni kazi yangu.

Jumapili, basi, meza ya jikoni,
gazeti, bisibisi, bakuli la supu la kuwekea skrubu.
Kioo nilikuwa nimeking'oa jana yake kama jino.
Nyuma yake vumbi, waya,
na peremende moja nyeusi, ile ya chumvi,
uliyoiangusha mwaka gani sijui.
Nikaitia bakulini pamoja na skrubu.

Kifuniko nilikivua kwa kisu cha siagi.
Ndani, utepe mwembamba wa kupitishia umeme:
gundi imechoka, utepe umeachana na ubao
kwa nusu ya unywele.
Nusu ya unywele tu, na habari hazivuki.

Nikalaza juu yake karatasi ya kuokea,
nikapita na ncha ya chuma cha kulehemu
kama mama alivyopiga pasi kola zako:
usikae pahali pamoja, usikimbie pia.
Mara ya kwanza niliunguza, harufu ikanifukuza hadi barazani.
Mara ya pili mkono ukatulia.
Nikakata raba ya kufutia kwa wembe,
nikaubana utepe usije ukanyanyuka tena.

Nikabeba kila kitu uani, nimevaa koti lako.
Ufunguo.
Kijani.
−18.
"Kutoa kumi na nane," nilisema kwa sauti,
kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Na chini yake hesabu ya safari,
ile inayofutwa kwa kubonyeza kitufe.
Hukubonyeza.
Kilomita 1524.

Za kwangu ninazo kwenye kalenda, kwa ajili ya bei ya mafuta:
duka, kanisa, makaburini mara tatu. Themanini na nane.
Nikatoa.
Ikabaki 1436, nami naijua barabara moja tu
yenye urefu huo: ya nane, kaskazini,
mpaka Kemi kwa Kerttu, na kurudi.

Wewe! Wewe uliyeapa huku unapasua kuni
kwamba mguu wako haukanyagi kwake,
miaka kumi na moja, kwa sababu ya sauna ya mama
aliyoiuza bila kutuuliza.

Nikampigia.
Hapana, alisema, Oiva hakuja.
Nikasikia birika lake linachemka, halizimi.
Kisha: "Oktoba, theluji ya kwanza,
kulikuwa na alama za magurudumu getini.
Zimeingia, zimegeuka.
Nikadhani ni posta."

Safu moja ya nukta, pembeni kulia, haikuamka.
Fundi angeirudia.
Mimi nimeshafunga,
na skrubu mbili zimebaki bakulini.
Peremende nimeila.